Filamu ya marubani wa majaribio na wanaanga wa kwanza: nini kilitokea, na nini kilipangwa upya

Swali: "Mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari jijini Tanga, na pia ni mlezi wa klabu ya sayansi. Tuliangalia pamoja filamu ya Kimarekani ya mwaka 1983 iitwayo The Right Stuff, inayowahusu marubani wa majaribio na wanaanga wa kwanza wa Marekani. Wanafunzi waliipenda, lakini waliniuliza maswali matatu ambayo sikuweza kuyajibu. Je, ni kweli kwamba rubani wa majaribio Chuck Yeager alipewa kazi jioni, akavunja kizuizi cha sauti kesho yake? Je, mwanaanga Gus Grissom alishikwa na hofu akalipua mlango wa chombo chake baharini? Na je, Yeager alichukua ndege bila ruhusa mpaka ikamshinda angani? Naomba unisaidie niwaambie nini."

Jibu:

Mwalimu, kwa ufupi, la kwanza si kweli, la pili halina ushahidi, na la tatu si kweli. Hata hivyo, ukiishia hapo wanafunzi wako watadhani wameangalia hadithi ya kubuni, na hiyo itakuwa dhuluma kwa filamu yenyewe. Mambo madogo madogo yaliyomo, yale ambayo mtazamaji huyatilia shaka kwanza, kwa sehemu kubwa yalitokea hasa: mbavu zilizovunjika, kipande cha mpini wa ufagio, rubani aliyejikojolea ndani ya suti yake akiwa amekaa kileleni mwa roketi. Kilichobadilishwa ni mahali, wakati na amri, yaani nani alikuwa wapi, mwaka gani, na kwa agizo la nani. Ukiyatazama mabadiliko hayo moja moja utayaona kama uzembe wa kawaida wa watu wa sinema. Ukiyapanga pamoja utagundua kwamba karibu yote yanavuta upande mmoja, nao ni upande wa Chuck Yeager.

Chanzo chake kinajulikana. Filamu ilitokana na kitabu cha Tom Wolfe kilichotoka mwaka 1979. Mwandishi wa kwanza kupewa kazi ya kukigeuza kuwa muswada wa filamu, William Goldman, alimwacha Yeager nje na kusimulia habari za wale wanaanga saba wa Mercury, mradi wa kwanza wa Marekani wa kupeleka watu anga za juu, peke yao. Mwongozaji Philip Kaufman alilikataa wazo hilo, akaandika muswada wake mwenyewe ambamo Yeager ndiye uti wa mgongo. Kisanaa naona alichagua vyema, kwa sababu bila Yeager pangebaki hadithi ya kusifia serikali. Lakini uchaguzi huo ulimletea taabu, kwa kuwa Yeager hakuwahi kwenda anga za juu, hakuwa mmoja wa wale saba, na kwa miaka mingi ya kipindi kinachosimuliwa hakuwa hata katika Edwards, kambi ya jeshi ya ndege za majaribio huko California. Ili mtu wa namna hiyo aibebe filamu ya zaidi ya saa tatu, ilibidi kalenda ipindwe. Naye Yeager mwenyewe alikuwa mshauri wa kiufundi wa kazi hiyo. Yule mzee anayehudumia vinywaji katika baa ya Pancho, walikokunywa marubani wa kambi hiyo, ni yeye, na wanafunzi wako wanaweza kurudia picha hizo wamtafute.

Tuanze na kizuizi cha sauti. Katika filamu, Chalmers Goodlin, rubani wa kampuni ya Bell, anadai dola 150,000 ili akubali kukivunja. Maofisa wanamgeukia Yeager baani, naye anakubali kwa mshahara wake wa kawaida wa jeshi. Ukweli ni kwamba jeshi liliuchukua mradi kutoka mikononi mwa Bell katikati ya mwaka 1947, likitaka kazi iende kwa kasi zaidi, na Goodlin, ambaye alikuwa amekwisha kuirusha ndege hiyo ya X-1 mara nyingi, aliendelea kukanusha kwamba tamaa ya fedha ndiyo iliyomwondoa. Yeager aliteuliwa na Kanali Albert Boyd, mkuu wa marubani wa majaribio, pamoja na Bob Hoover kama rubani wa akiba na Jack Ridley kama mhandisi. Mwezi Agosti aliachiliwa angani mara tatu bila kuwasha injini, ili kwanza aizoee ndege ikielea. Kisha akaanza kuruka kwa nguvu ya roketi, akiongeza kasi kidogo kidogo kila safari. Ile ya tarehe 14 Oktoba 1947 ilikuwa safari yake ya tisa kwa injini.

Katikati ya safari hizo ndipo penye jambo ambalo mwalimu wa fizikia hapaswi kulipita. X-1 ilikuwa na umbo la risasi, mabawa yaliyonyooka, na injini ya roketi yenye vyumba vinne vya kuchomea, iliyotumia alkoholi iliyochanganywa na maji pamoja na oksijeni ya kimiminika. Ilipandishwa angani ikiwa tumboni mwa ndege ya B-29, kisha ikadondoshwa. Siku chache kabla ya ile siku yenyewe, Yeager alipofika Mach 0.94, yaani asilimia 94 ya kasi ya sauti, alivuta usukani na pua ya ndege haikuitikia. Ndege inapoikaribia kasi ya sauti, mawimbi ya mshtuko hujijenga juu ya mabawa na juu ya mkia. Katika X-1 wimbi hilo lilikuwa limetua kwenye bawa la mkia, pale pale ambapo kile kipande cha nyuma kinachopindwa na rubani kimeunganishwa, na kwa hiyo kukipinda hakukuweza tena kubadilisha mkondo wa hewa uliokuwa mbele yake. Rubani alikuwa amebaki na usukani usio na kazi.

Ridley alipiga hesabu zake na kupendekeza kwamba kile kipande cha nyuma kiachwe, na badala yake bawa zima la mkia ligeuzwe, sehemu ndogo ya digrii kwa wakati, kwa kutumia mota iliyowekwa kwa ajili ya kuisawazisha ndege. Uwezekano huo haukuwa bahati, kwa maana wahandisi wa NACA, taasisi iliyoitangulia NASA, walikuwa wameshauri tangu ndege inachorwa kwamba bawa hilo liweze kusogea. Mbinu hiyo ilifaulu. Yeager alifika Mach 1.06, sawa na kilomita 1,127 hivi kwa saa, akiwa karibu mita 13,000 juu ya jangwa la California, na mkia wa aina hiyo ukaja kuwekwa katika ndege za kivita kama F-86.

Filamu haina habari hizo. Mahali pake imeweka pepo anayeishi angani nyuma ya kizuizi, na mwanamume anayemfuata huko huko. Kama sinema, inapendeza. Lakini kwangu hilo ni pengo kubwa kuliko makosa yote ya tarehe, kwa maana mtazamaji huondoka akiamini kwamba kizuizi cha sauti kilivunjwa kwa moyo mgumu tu. Moyo mgumu ulikuwapo, sikatai. Yeager aliangushwa na farasi siku mbili kabla, akavunjika mbavu mbili, akaenda kutibiwa na daktari wa nje ya kambi ili wakubwa wake wasije wakamzuia. Kwa kuwa asingeweza kuutumia mkono wa kulia kufunga mlango wa ndege, Ridley alimkatia kipande cha mpini wa ufagio kiwe wenzo. Mambo hayo filamu imeyaeleza kama yalivyokuwa, na yanatosha kumvutia mwanafunzi aliyechoka na somo la nyenzo.

Huyo Ridley ndiye mfano mzuri kuliko yote wa namna kalenda ilivyopindwa. Katika filamu yuko karibu na Yeager tangu mwanzo hadi mwisho, hata katika matukio ya mwaka 1963, akimpa kipande cha ubani wa kutafuna kabla ya kuruka. Jack Ridley halisi alifariki mwezi Machi 1957 katika ajali ya ndege huko Japani. Baa ya Pancho nayo iliteketea kwa moto mwezi Novemba 1953, na Yeager aliondoka Edwards mwaka 1954 kwenda Ulaya, ambako aliongoza kikosi cha ndege za kivita nchini Ujerumani na baadaye Ufaransa, kisha akaongoza kikosi kingine katika kambi nyingine ya California. Kwa hiyo, maofisa wawili wenye kuchekesha wanaofika baani kutafuta wanaanga, wakakutana na dharau ya marubani hodari waliojaa humo, hawakuweza kuwapo. Rais Eisenhower aliamua mwezi Desemba 1958 kwamba wanaanga watoke miongoni mwa marubani wa majaribio wa jeshi. Mafaili 508 yakapekuliwa, marubani 110 wakaonekana kutimiza masharti, 69 wakaitwa Washington kwa amri ya siri, na 32 wakaendelea na vipimo vile vya kitabibu vya Albuquerque ambavyo filamu inavifanyia mzaha mrefu. Saba waliochaguliwa walitangazwa tarehe 9 Aprili 1959, na kati yao ni Gordon Cooper na Deke Slayton tu waliotoka moja kwa moja Edwards.

Sharti la shahada ya chuo lilikuwapo kweli, na Yeager hakuwa na shahada. Hilo filamu haikulibuni. Ilichofanya ni kumweka mlangoni mwa chumba ambacho hakuwa amekaribia, ili kukataliwa kwake kuonekane.

Kuhusu wahandisi wenye lafudhi ya Kijerumani wanaobishana na wanaanga juu ya dirisha, nitapita haraka. Wanaanga waliomba dirisha kweli, wakalipata kuanzia chombo cha Grissom, kwani kile cha Alan Shepard, Mmarekani wa kwanza kwenda anga za juu, kilikuwa na vitundu viwili vidogo tu. Lakini chombo cha Mercury kilibuniwa na kikosi cha Robert Gilruth huko Langley, Virginia, ambamo Max Faget ndiye aliyekuwa mchoraji mkuu, kikatengenezwa na kampuni ya McDonnell mjini St. Louis. Wajerumani wa mhandisi wa roketi Wernher von Braun walikuwa Alabama, na kazi yao ilikuwa roketi ya Redstone. Filamu imewaunganisha wote kuwa mtu mmoja wa kuchekwa.

Wajerumani hao lakini wana sehemu yao katika jambo ambalo filamu imelipa sura nyepesi mno, nalo ni kwa nini Mrusi Yuri Gagarin aliwatangulia Wamarekani angani. Tarehe 31 Januari 1961 Wamarekani walimrusha sokwe aliyeitwa Ham, mzaliwa wa Kamerun, katika safari fupi kwa roketi ya Redstone. Roketi hiyo ilikwenda kwa nguvu kuliko ilivyopangwa, Ham akatua mbali na meli zilizokuwa zikimngoja. Alirudi salama, na Shepard alikuwa tayari kupanda. Von Braun akasema hapana, kwanza roketi ijaribiwe tena bila mtu, na jaribio hilo likafanyika tarehe 24 Machi. Gagarin aliizunguka dunia tarehe 12 Aprili, katika safari ya dakika 108. Shepard akaruka tarehe 5 Mei, dakika 15 tu, kupanda na kushuka bila kuizunguka dunia. Mtu aweza kusema tahadhari ya mhandisi mmoja iliwanyima Wamarekani nafasi ya kumtanguliza mtu wao angani, na aweza pia kusema kwamba ndivyo mhandisi anavyopaswa kuwa. Hilo mjadili darasani. Ule mkojo, kama nilivyosema, ni wa kweli. Safari ilipangwa kuwa fupi hata hakuna aliyefikiria choo, lakini Shepard alikaa ndani ya chombo zaidi ya saa nne akisubiri mawingu na hitilafu, na aliporuhusiwa alifanya alichopaswa kufanya, akaunguza vipimo vya kitabibu vilivyobandikwa mwilini mwake.

Sasa nifike kwa Grissom, ambapo naona filamu ilimkosea mtu. Tarehe 21 Julai 1961 alirudi salama kutoka safari kama ya Shepard, akatua katika Atlantiki, akaanza kuzima mitambo yake akingoja helikopta. Mlango wa chombo chake ulikuwa wa aina mpya, umeshikwa kwa boliti 70, kila moja ikiwa na sehemu dhaifu iliyokusudiwa kukatika baruti ikilipuka. Baruti hiyo ililipuliwa kwa kubonyeza kitufe kirefu, baada ya kuondoa kifuniko chake na pini ya usalama. Grissom alisema alikuwa ameviondoa, amejilaza anasubiri, mlango ukafumuka. Maji yakaingia, naye akajitupa baharini. Helikopta ilikishika chombo lakini, kikiwa kimejaa maji, uzito ulizidi, na taa ya hatari ya injini ikawaka, wakakiachia. Wakati wote huo Grissom alikuwa akizama polepole, kwa sababu tundu moja la hewa kwenye suti yake lilikuwa wazi na suti ikinywa maji. Chombo kilizama karibu mita 4,900, kikaopolewa mwaka 1999.

Filamu inamwonyesha akihangaika, akipapasa, jasho likimtoka, kisha mlango unaruka. Haisemi moja kwa moja kwamba alibonyeza, lakini hakuna mtazamaji anayeondoka akiamini vingine. Ushahidi uliopo unaelekea kwingine. Kitufe kile kilikuwa na nguvu ya kurudi nyuma baada ya kubonyezwa. Mwanaanga mwenzake John Glenn alipokibonyeza akiwa tayari juu ya meli, kilimchubua vifundo vya mkono ndani ya glavu. Mwenzao Wally Schirra alipomaliza safari yake mwezi Oktoba 1962 alikibonyeza makusudi, naye akatoka na jeraha mkononi ambalo aliwaonyesha watu. Grissom alipopimwa na madaktari siku ile hakuwa na hata alama. Uchunguzi wa NASA haukumlaumu, na wataalamu waliofuata wamefikiria sababu nyingine, mojawapo ikiwa chaji ya umemetuli iliyoletwa na helikopta.

Lakini hoja inayonishawishi mimi kuliko zote ni ya kiofisi. Mtu anayeaminika kuwa aliingiwa na kiwewe hapewi tena chombo. Grissom alipewa amri ya safari ya kwanza yenye watu ya Gemini, mradi uliofuata Mercury, mwezi Machi 1965, na kisha akateuliwa kuongoza ile ya kwanza ya Apollo, mradi wa kwenda mwezini. Chombo chake cha Gemini alikiita Molly Brown, jina la mwanamke wa mchezo wa kuigiza aliyenusurika kuzama, na wakubwa wake hawakufurahishwa na utani huo. Tarehe 27 Januari 1967 yeye, Ed White na Roger Chaffee walifariki kwa moto ndani ya chombo cha Apollo kikiwa bado ardhini katika mazoezi. Mlango wa chombo hicho haukuwa wa kulipuka. Ulifunguka kwa kuvutwa ndani, dhidi ya shinikizo la hewa, na hawakupata muda. Filamu inataja kifo chake kwa maneno machache mwishoni, baada ya kumwacha kwa muda mrefu akiwa mtu wa kudhihakiwa, na wakati filamu inatoka hakuwapo kujitetea.

John Glenn ametendewa haki zaidi. Makamu wa Rais Johnson kuzuiwa kuingia nyumbani kwake na kamera za televisheni, kwa sababu mkewe Annie alikuwa na kigugumizi kikali na hakutaka, ni kweli, na ni kweli pia kwamba Glenn alimwunga mkono mkewe dhidi ya wakubwa. Ishara iliyodai kwamba ngao ya joto imelegea ilikuwapo. Ilitokana na swichi mbovu, ngao ilikuwa sawa. Ila safari ya tarehe 20 Februari 1962 ilipangwa tangu mwanzo kuwa ya mizunguko mitatu, hivyo haikukatishwa kama filamu inavyoonyesha. Vile vimulimuli alivyoviona dirishani havina uhusiano wowote na cheche za moto wa wenyeji wa Australia ambazo filamu inazipandisha mbinguni. Miezi mitatu baadaye Scott Carpenter aligonga kwa mkono ukuta wa ndani wa chombo chake, na wingu la chembe hizohizo likaruka nje: zilikuwa barafu ya unyevu uliotoka kwenye chombo na kugandia juu ya ngozi yake.

Kuna jambo ambalo filamu imeliacha na ambalo wanafunzi wa Tanga wana haki ya kulijua. Inaonyesha kituo kimoja cha mbali cha mawasiliano, Muchea karibu na Perth, na Gordon Cooper alikuwa zamu huko kweli. Lakini kabla ya kufika Australia Glenn alivuka Afrika, na Mercury ilikuwa na vituo viwili vya nchi kavu barani humu, kimoja Kano, Nigeria, na kingine Tunguu, kisiwani Unguja, kilichojengwa kwa makubaliano ya Marekani na Uingereza wakati Zanzibar ikiwa bado chini ya himaya ya Waingereza. Chombo kilipokuwa juu ya Zanzibar katika mzunguko wa kwanza, Glenn alishika kamba ya mpira iliyofungwa chini ya meza yake ya vipimo, akaivuta mara moja kila sekunde kwa sekunde 30, na daktari wa zamu kituoni akasoma matokeo: mapigo ya moyo yalipanda kutoka 80 hadi 124 kwa dakika, na shinikizo la damu halikubadilika kwa kiasi cha kutisha. Leo hilo ni jambo dogo. Wakati ule Mmarekani hakuwa amepata kukaa muda mrefu kiasi hicho bila uzito, na kulikuwa na madaktari waliohofia kwamba moyo ungeshindwa kazi. Kituo chenyewe hakikudumu: kulikuwa na wanasiasa visiwani waliokipinga wakihofia ni cha kijeshi, na baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 kilifungwa mwaka huohuo.

Swali lako la tatu lina jibu la wazi. Ndege aliyoanguka nayo Yeager tarehe 10 Desemba 1963 ilikuwa NF-104, moja kati ya tatu zilizoongezewa injini ya roketi mkiani na vijimota vya kusukumia pua kwenye hewa nyembamba. Yeager alikuwa mkuu wa shule ya Edwards iliyofundisha marubani kwa ajili ya anga za juu, na safari hiyo ilikuwa kwenye ratiba, ikiwa sehemu ya maandalizi ya kuvunja rekodi ya Warusi ya kwenda juu. Hakuiba kitu. Siku chache kabla, rubani mwingine alikuwa amekwisha kuvuka mita 36,000 kwa ndege ya aina hiyo. Yeager alifika mita 31,000 hivi, pua ikakataa kushuka, na ndege ikaanza kuzunguka kama pia hadi alipoamua kujirusha nje. Kiti kilichomrusha kilimgonga usoni kikiwa bado na moto, na oksijeni ya ndani ya kofia yake ikauchochea moto huo. Majeraha yale unayoyaona katika filamu aliyapata kweli, usoni na mkononi. Ndege inayoonekana katika filamu ni F-104 ya kawaida isiyo na roketi, na ile sherehe ya Houston inayochanganywa na tukio hilo ilifanyika mwezi Julai 1962, zaidi ya mwaka mmoja nyuma. Kaufman aliyaweka sambamba ili wanaanga waonekane wakila nyama choma na kutazama dansi wakati Yeager akiungua peke yake jangwani. Ni uhariri wa hali ya juu. Filamu ilipata tuzo nne za Oscar, mojawapo ikiwa ya uhariri, ingawa haikurudisha gharama zake majumbani mwa sinema.

Ukitaka kuwapa wanafunzi zoezi moja la kulipima dai kuu la filamu, yaani kwamba watu wa Mercury walikuwa abiria na Yeager ndiye rubani, watafutie mwisho wa safari ya Cooper. Filamu inamaliza kwa kumwonyesha akipaa tarehe 15 Mei 1963 kwa furaha, kisha inazima. Kilichofuata ni mizunguko 22 katika saa zaidi ya 34, na karibu na mwisho unyevu uliingia kwenye nyaya, mfumo wa kujiongoza ukafa, na hewa ya kaboni dayoksaidi ikaanza kupanda ndani ya suti yake. Cooper alikiweka chombo sawa kwa mkono akitumia alama za dirishani na saa yake ya mkononi, huku Glenn akimhesabia sekunde kwa redio kutoka melini karibu na Japani, akawasha mwenyewe roketi za kurudia, na akatua kilomita saba hivi kutoka meli iliyokuwa ikimngoja katika Pasifiki. Kama Kaufman angeendelea kupiga picha hadi hapo, asingeweza kuitetea ile tofauti kati ya rubani na abiria aliyoijenga kwa saa tatu.